Biashara au Sera za Umma? Historia ya duka na ofisi, kutoka Léopoldville mpaka Nakivale

Wiki hii ni zamu yangu ya kuandika historia. Wengi mnanijua, mimi ndiye yule kijana wa kujitolea ambaye siku ya mgao anapanga mistari na kupigiwa kelele na kila mtu. Leo sipangi mistari. Nataka tuongee juu ya fomu moja.

Mwezi uliopita nilipata fomu ya ufadhili wa masomo. Ina sehemu ya kuandika digrii unayotaka, chaguo la kwanza na chaguo la pili. Kwangu mimi yalibaki mawili: Usimamizi wa Biashara au Sera za Umma. Nikakaa na hiyo fomu siku tisa bila kuandika kitu. Mama yangu anauza vitenge na sabuni sokoni hapa Nakivale. Aliniambia, "Mwanangu, hesabu haiulizi mtu ametoka wapi. Soma biashara." Halafu kuna papa mmoja jirani yetu, zamani alikuwa karani wa Leta kule Kivu. Yeye akasema, "Kijana, duka linachomwa usiku mmoja tu. Karatasi ya Leta ndiyo inaamua nani atalindwa na nani ataachwa." Wote wawili walipoteza mali zao kwa vita. Wote wawili wanasema kweli. Sasa mtu afanye nini?

Nikaamua kuuliza historia. Si historia ya mbali sana, ila ya huku tulikotoka na hapa tulipo.

Kampuni iliyotaka kuwa serikali, na serikali iliyojifanya kampuni

Watu hudhani biashara na utawala ni vitu viwili vilivyotengana tangu mwanzo. Hapana. Huku kwetu vilikuja vimefungwa kamba moja.

Anza na Uganda. Mwaka 1888 Uingereza iliipa kampuni moja hati ya kutawala sehemu hii ya Afrika. Iliitwa Imperial British East Africa Company. Si serikali, ni kampuni, yenye wanahisa wanaongoja faida. Desemba 1890 mtu wao, Frederick Lugard, akafika Kampala na askari wake. Lakini kutawala ni gharama. Askari wanakula, barabara zinahitaji pesa, wapagazi kutoka pwani wanalipwa, na faida haionekani. Miaka michache tu kampuni ikaishiwa, ikashindwa kuendelea. Mwaka 1894 serikali ya Uingereza ikaitangaza Uganda kuwa nchi chini ya ulinzi wake. Yaani wafanyabiashara walijaribu kuwa Leta, mfuko ukatoboka.

Kwetu Kongo ilikuwa kinyume chake, na ilikuwa mbaya zaidi. Kuanzia 1885 mpaka 1908 nchi yote ilikuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili. Iliitwa dola huru, lakini iliendeshwa kama duka la mtu mmoja. Ardhi yote iliyosemwa kuwa "tupu" ikachukuliwa kuwa ya dola. Maofisa wa serikali walipewa nyongeza ya pesa kulingana na utomvu wa mpira na pembe za ndovu walizokusanya. Hebu fikiria: yule anayetoa amri, yule anayehukumu na yule anayepata kamisheni ni mtu mmoja. Hapo raia anakimbilia wapi? Tunajua kilichofuata, vijiji viliteketea na watu wakakatwa mikono.

Somo la kwanza nililopata: serikali ikiwa haina mtu wa kuibana isipokuwa hesabu ya faida, inageuka kuwa mnyama. Na kampuni isiyojua gharama ya kutawala inafilisika.

Karani wa posta aliyeuza bia

Kila mtu hapa anamjua Patrice Lumumba. Picha yake iko kwenye ukuta wa kinyozi kule karibu na soko. Lakini ni wangapi wanajua kazi alizofanya kabla ya siasa?

Lumumba alizaliwa 1925 huko Sankuru. Hakwenda chuo kikuu. Alipita kwenye shule ya posta ya Léopoldville, akawa karani wa posta, na kwa miaka kadhaa alifanya kazi Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Hapo ndipo alipojifunza Leta kwa ndani: mihuri, madaftari, barua, nani anamwandikia nani. Mwaka 1956 alikamatwa akashtakiwa kwa pesa za posta, akafungwa. Alipotoka, 1957, akaenda Léopoldville na kupata kazi katika kiwanda cha bia. Kazi yake ilikuwa kufanya watu wainywe bia ya Polar kuliko ya washindani. Alizunguka baa kwa baa, mtaa kwa mtaa, akiongea na watu. Oktoba 1958 akawa miongoni mwa walioanzisha chama cha MNC, akakiongoza.

Mimi naona ofisi ilimfundisha jinsi nchi inavyoendeshwa, na biashara ikamfundisha kuongea na watu wasiomjua. Vyote viwili alivihitaji.

Lakini mtu mmoja hatoshi. Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru. Nchi kubwa vile, na Wakongo waliokuwa na digrii ya chuo kikuu hawakufika 30. Katika nafasi za juu za utumishi wa serikali, karibu 5,000, Wakongo walikuwa 3 tu. Si kwamba watu walikosa akili. Chuo kikuu cha kwanza, Lovanium, kilifunguliwa 1954, miaka sita tu kabla ya uhuru. Kabla ya hapo mtoto mweusi aliyetaka kusoma zaidi alipelekwa seminari awe padri.

Tarehe 5 Julai askari wakaasi. Maofisa wa Kibelgiji wakakimbia kwa maelfu. Tarehe 11 Katanga ikajitenga. Sasa ukiingia ofisini, nani anajua kutengeneza bajeti? Nani anajua mishahara inalipwaje? Septemba mwaka huohuo, Mobutu alipochukua madaraka kwa mara ya kwanza, aliwaweka vijana wanafunzi na wahitimu wachache waendeshe wizara. Waliitwa makamishna. Étienne Tshisekedi alikuwa mmoja wao, upande wa sheria, hata masomo yake alikuwa hajayamaliza. Vijana wa umri wetu, jamani! Mwaka 1961 ndipo ikafunguliwa shule ya taifa ya sheria na utawala pale Léopoldville, ili angalau wapatikane watu wa kushika mafaili. Shule ya kuzima moto ilifunguliwa nyumba ikiwa tayari inaungua.

Nilipofika hapa nilisema basi, kwisha, nachukua Sera za Umma. Papa jirani ameshinda.

Halafu nikaendelea kusoma.

Maduka yaliyogawiwa bure

Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wa Uganda waondoke, akawapa siku 90. Makumi ya maelfu wakaondoka, wengi wakiwa na sanduku moja na pesa kidogo sana. Maduka, viwanda na mashamba vikabaki. Vikagawiwa. Askari wengi walipata, na marafiki wa wakubwa. Wazee wa hapa Uganda husimulia kwamba mwenye duka mpya aliuza shati kwa bei ya namba iliyoandikwa kwenye kola, akidhani ile saizi ndiyo bei. Sijui kama ni kweli au ni kicheko cha watu wenye njaa. Ila matokeo hayakuwa kicheko: rafu zikaisha, hakuna aliyejua bidhaa zinaagizwa wapi na kwa mkopo gani, sukari ikawa kitu cha magendo katika nchi yenye mashamba makubwa ya miwa.

Mwaka mmoja baadaye, kwetu pia. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitoa hotuba: maduka, mashamba na biashara za wageni zipewe Wazaire. Waliopewa waliitwa wanunuzi, ingawa wengi hawakununua kitu. Walikuwa watu wa chama, maofisa, ndugu wa maofisa.

Hapa historia inaingia nyumbani kwetu. Babu yangu, baba yake mama, alikuwa mpimaji wa vitambaa na mtunza stoo kwa mfanyabiashara mmoja Mgiriki pale Bukavu. Aliijua stoo ile kwa kugusa tu. Mwaka 1974 akaja mwenye duka mpya, mtu wa mjini, ana suti, ana barua. Mama anasimulia kwamba siku ya kwanza yule bwana alifungua kasha la pesa, akachukua zote, akaenda kunywa na wenzake. Babu akamwambia kwa heshima, "Patron, hizi si faida, humu mna pesa ya mzigo unaokuja." Yule bwana akacheka. Mzigo haukuja. Miezi saba baadaye duka lilikuwa na ubao mtupu na panya, na babu akarudi kijijini kulima mihogo.

Kilichotokea Bukavu kilitokea nchi nzima. Na mwaka uleule wa 1974 bei ya shaba ikaanguka duniani, nchi ikakosa pesa pande zote mbili. Mwisho wa 1974 serikali ikachukua tena biashara kubwa, ikashindwa tena. Kufika 1976 ikawaita wageni warudi wachukue mali zao. Wengi hawakurudi. Na Uganda vilevile, baadaye serikali nyingine ilirudisha mali kwa Waasia, lakini miaka ilikuwa imepotea.

Sasa angalieni. Maneno ya ile amri yalikuwa mazuri: uchumi uwe wa wananchi. Nani atapinga? Lakini walioiandika hawakuuliza swali ambalo babu yangu mtunza stoo alilijua: pesa ya mzigo unaokuja iko wapi? Hiyo ni sera bila hesabu. Na waliopewa maduka walikuwa na barua ya Leta bila ujuzi wa biashara.

Usiku ule nikafuta mawazo yangu. Nikasema mama ameshinda. Andika Biashara.

Nakivale inasema nini

Kesho yake nikaenda sokoni kumsaidia mama kufungua, nikaanza kuangalia soko letu kwa macho mengine.

Watu wamekaa Nakivale tangu mwisho wa miaka ya 1950, walipokuja Wanyarwanda wa kwanza. Sheria ya zamani ya Uganda, ya mwaka 1960, jina lake tu lilionyesha kwamba mkimbizi ni mtu wa kudhibitiwa. Halafu ikaja Sheria ya Wakimbizi ya 2006, na kanuni zake 2010. Hiyo ndiyo inasema mkimbizi anaweza kufanya kazi, kutembea nchini, kulima na kufanya biashara kwa kufuata sheria. Mama yangu hajawahi kuisoma. Lakini meza yake ya vitenge imesimama juu ya ile karatasi. Tunao ndugu katika nchi nyingine za jirani ambao wana akili ya biashara kuliko mama, ila wakitoka kambini bila ruhusa ni kosa. Tofauti iko kwenye sheria, si kwenye akili.

Mfano mwingine mdogo. Zamani mkimbizi mgeni aliyekuwa bado hajapata kitambulisho alishindwa kusajili laini ya simu kwa jina lake. Akitaka kutumiwa pesa, aazime laini ya mtu. Wangapi wameliwa pesa hivyo? Mwaka 2019 Uganda ikakubali laini isajiliwe kwa ile barua ya familia ya kuthibitisha ukimbizi. Uamuzi mmoja, na dada zetu wengi wakaanza kupokea malipo kwenye simu zao wenyewe. Hakuna soko lililojengwa, hakuna mtaji uliogawiwa. Kanuni tu ilibadilika.

Na upande mwingine pia nimeuona. Msaada wa chakula na pesa ulipopunguzwa, mauzo ya mama yalishuka wiki hiyohiyo. Hakufanya kosa lolote la biashara. Wateja wake walikosa pesa kwa sababu ya uamuzi uliofanywa kwenye meza ya mbali. Mimi nilikuwa kwenye mstari siku ile nikiwaelezea watu kwa nini, na sikuwa na maelezo. Nilisoma tu karatasi niliyopewa. Mama mmoja aliniuliza, "Kijana, nani alipiga hesabu hii?" Swali lile bado liko kichwani mwangu.

Digrii zenyewe zinafundisha nini

Nieleze kwa ufupi, maana wengine mtajaza fomu kama yangu.

Shule za biashara za chuo kikuu si za zamani sana. Wharton ya Philadelphia ilianza 1881, Harvard ikafungua yake 1908. Shahada za utawala wa umma zilikua huko Marekani miaka ya 1920, na kozi zinazoitwa hasa "sera za umma" zilianza mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali zilipotaka watu wanaoweza kupima kama mpango unafanya kazi au unakula pesa tu. Hapa Uganda, Makerere ina shule yake ya biashara pale Nakawa tangu 1997, na kuna chuo cha kufundisha watumishi wa umma Kampala tangu mwishoni mwa miaka ya 1960.

Biashara utasoma uhasibu, masoko, mikopo, usimamizi wa watu, sheria za makampuni. Sera za Umma utasoma uchumi, takwimu, bajeti ya serikali, jinsi sheria inavyotungwa, jinsi ya kupima mradi. Zinagusana, hasa kwenye hesabu. Msidhani Sera ni kupiga hotuba.

Tuseme ukweli pia kuhusu kazi. Mkimbizi mwenye digrii ya Sera hataajiriwa kirahisi na serikali ya nchi inayompokea, maana kazi hizo ni za raia. Atategemea mashirika, na mashirika yanapunguza watu. Mwenye digrii ya Biashara anaweza kuanza na meza ndogo na akavuka nayo mpaka wowote. Hilo mama alilisema kabla yangu na sikuwa na jibu.

Nilichoandika

Siku ya tisa nilijiuliza swali tofauti. Sikuuliza ipi ni bora. Niliuliza: kitu gani tayari nina mwalimu wake, na kitu gani sina?

Biashara nina mwalimu. Nimekulia chini ya meza yake. Najua pesa ya mzigo si faida, kwa sababu babu alimfundisha mama na mama akanifundisha mimi. Nitahitaji kuongeza uhasibu, lakini msingi upo. Ila katika watu wote ninaowajua, hakuna hata mmoja anayeweza kunieleza jinsi ile karatasi ninayosoma mbele ya mstari inavyotengenezwa. Nani anaandika? Kwa takwimu zipi? Inapingwa wapi?

Nikaandika Sera za Umma chaguo la kwanza, Biashara chaguo la pili.

Mama hakufurahi. Jioni ile alinipa chakula bila neno. Asubuhi akanitupia daftari lake la madeni, akasema, "Kama unaenda kusoma Leta, basi hili utaliandika wewe kila Jumamosi, usije ukaandika sheria kama yule wa suti." Kwa hiyo kila Jumamosi niko sokoni naandika madeni. Bado sijajibiwa kuhusu ufadhili, na inawezekana nisipate.

Lakini msinifuate mimi. Kama nyumbani kwenu wazazi walikuwa walimu au makarani, mmezoea karatasi lakini hamjawahi kuuza hata nyanya, labda ninyi ndio mnapaswa kwenda Biashara. Kama una wadogo wanne wanaokutegemea mwaka huu, chagua kinacholeta chakula haraka, hakuna aibu. Kongo ya 1960 ilikosa watu wa ofisi. Zaire ya 1973 ilikosa watu wa duka. Siku tukirudi, au hata tukibaki, tutawahitaji wote wawili, na wawe wanaongea.

Wiki ijayo ni zamu ya dada yetu wa Juru, ataandika juu ya historia ya wakunga. Wenye fomu ambazo hazijajazwa, njooni Jumamosi alasiri kwenye meza ya mama tujaze pamoja. Kalamu ninayo. Ila mtanunua sabuni.